Oveni Naijua, Mwanangu

Emiliana,

Mkate uko ndani. Nimeuweka mwenyewe, kwa mikono hii unayosema haiwezi kuchemsha maji bila kuunguza sufuria. Saa ya jiko nimeitegesha, na kabla haijalia nataka niwe nimemaliza kuandika. Wewe uko Oldeani kumuaga shangazi yako, na dada yangu namjua, hatakuachia mpaka akulishe mara mbili na akusimulie magonjwa yake yote kuanzia kichwani kushuka chini. Barabara nayo imechimbika kwa mvua. Kwa hiyo nina nafasi.

Kaa chini usome. Usisome umesimama kama mtu anayesubiri chenji.

Mambo ya pasi ya kusafiria na kuvaa sweta kwenye ndege nayaruka, hayo shangazi yako ameshakuimbia. Mimi nina la jana. Ulikuwa unaosha vyombo, umenipa mgongo, ukasema, "Baba, nakuambia mapema usije ukanilaumu. Asubuhi ya kuondoka utawasha oveni mbele yangu, peke yako, bila kuuliza. Ukishindwa, begi linarudi chumbani."

Nikakuuliza, "Na hao wa Shelisheli wanaokusubiri?"

"Watatafuta mpishi mwingine."

"Na nikishindwa kwa bahati mbaya tu, mwanangu? Mikono ya mzee hii."

"Ukishindwa siendi. Siwezi kukuacha ufe njaa mbele ya jiko."

Nikanywa chai yangu, na wewe ukadhani nimeogopa mtihani. Nilikuwa nawaza kitu kingine. Nilikuwa nawaza kwamba nobu moja tu, nikiizungusha vibaya kesho asubuhi, unabaki. Sihitaji kukubembeleza wala kujifanya mgonjwa. Nizungushe kushoto badala ya kulia, nikune kichwa, niseme "hivi ilikuwaje tena?", na mwanangu anabaki nyumbani. Hakuna mzee Karatu nzima aliyewahi kupewa rungu jepesi namna hiyo.

Sasa sikiliza. Oveni naijua. Nimeijua tangu kabla hujarudi nyumbani. Hizi wiki zote ulizonifundisha nilikuwa nakuchezea.

Usitupe karatasi. Endelea kusoma.

Unakumbuka jiko lilivyofika. Ulilinunua ulipopata kazi ya kudumu kule hotelini ukingoni mwa kreta, likapanda na gari la mboga, na mimi na mama yako tukalipokea kama tunapokea askofu. Juu gesi, chini oveni ya umeme, mbele nobu zimejipanga kama vifungo vya koti. Tukaliweka wapi? Sebuleni, pembeni ya kabati la vikombe. Mama yako akalifumia kitambaa cheupe chenye maua, akalifunika. Ndani ya oveni akapanga sufuria mpya za harusi na kadi zetu za ubatizo, kwa sababu mlango wake unafunga vizuri na panya hawaingii. Wewe ukija likizo unakasirika, anakuambia, "Nitalitumia mwanangu, ngoja nilizoee." Ukiondoka, mgeni akiuliza hili linapikaje, anajibu, "Hili halipiki. Hili ni la Emi." Kisha anatoka nje kwenda kwenye banda lake la kuni kumpikia huyo mgeni ugali.

Na mimi niko wapi? Mimi niko kwenye kiti, nimeshiba. Nilisema siku moja kwamba ugali wa gesi hauna harufu ya nyumba. Sentensi fupi, niliitoa huku nachokonoa meno. Mama yako akaitii miaka yote. Hilo unalijua, ulinisuta msibani mbele ya watu na nilistahili. Sina la kuongeza, ila hili: mtu anayekupenda, angalia unamwambia nini ukiwa umeshiba. Maneno ya njaa watu huyasamehe. Yale ya shibe ndiyo wanayatunza.

Lakini pale msibani ulisema na jingine. Ulisema, "Hata jiko langu hakuwahi kuligusa." Ukalia kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya jeneza. Na mimi nilikuwepo, nikakuacha ulie.

Mama yako aliligusa, Emi. Aliligusa mpaka likamjua.

Daktari alipomwambia asikae tena karibu na moshi, tulirudi nyumbani. Alipofika sebuleni akasimama mbele ya jiko lako, akavua kitambaa, akakikunja vizuri kama bendera, akaniambia, "Haya Baba Emi, sukuma." Nikasukuma mpaka jikoni. Wewe ulipokuja kuzika ukadhani waombolezaji ndio walilihamisha kupata nafasi ya viti. Sikukurekebisha.

Kifua hakikumruhusu kusimama muda mrefu. Kwa hiyo alikaa kwenye kiti, blanketi mabegani, kitabu cha maelekezo mapajani, na mimi nikawa mikono. Kitabu kina Kiingereza, Kiarabu na lugha nyingine kama nyayo za kuku, ila Kiswahili hakimo. Mimi darasa la nne, yeye la saba. Tukasoma picha.

Gesi ilitutesa kwanza. Nilikuwa nabonyeza nobu, nazungusha, cheche inalia, moto unawaka, naachia, moto unazima. Nawasha, naachia, unazima. Nikasema jiko la mwanao lina kiburi. Akanitazama vile alivyokuwa ananitazama nikishindwa kumfunga ndama, akasema, "Unaachia mapema. Bonyeza, uendelee kukandamiza kidogo baada ya moto kuwaka. Kuna kidude pembeni pale kinataka kupata joto kwanza. Kikishapata joto, moto unajishika wenyewe." Nikakandamiza. Nikaachia. Moto ukakaa. Basi nikafurahi, nikawa kila mara nakandamiza mpaka kidole kinaniuma, nikiogopa utazima. Akasema, "Baba Emi, umeshawaka huo. Sasa hivi unajiumiza kidole tu."

Hayo maneno nimekaa nayo wiki hizi, na unajua kwa nini.

Halafu oveni. Vile vialama kwenye nobu ya oveni ulinifundisha kwa majina ya hotelini kwenu, mimi naitikia "ndiyo mwalimu". Mama yako alikuwa ameshavipa majina yake. Mstari wa chini: makaa chini. Mstari wa juu: makaa juu ya mfuniko. Mistari yote miwili: keki ya Krismasi, kwa sababu ndivyo alivyokuwa anaoka keki zako ukiwa mdogo, sufuria juu ya mkaa, na makaa mengine juu ya mfuniko. Alipoiona ile picha alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe wazungu wameniiga." Kile cha feni alikiita upepo wa mwezi wa saba, kwa sababu kinakausha kila kitu kwa haraka na hakina huruma na mkate. Vile vimeno vya juu aliviita fisi: weka nyama, geuza, toa, usimpe fisi kisogo. Na kile cha taa peke yake alikiita mbalamwezi. Hakipiki chochote. Alipenda niwashe hicho tu wakati mkate umeshaiva, auangalie kupitia kioo.

Na zile alama nyekundu kwenye nobu ya joto, ulizosugua kwa kucha ukauliza nani amechafua jiko? Ni rangi yako ya kucha, uliyoisahau dirishani. Macho yake hayakuona namba. Nukta moja ni mkate, nukta mbili ni nyama. Umesugua ya nyama ikatoka. Ya mkate ipo bado. Nisamehe, nilikuwa nimesimama pembeni nikashindwa kusema "acha".

Alikuwa anataka kukuonesha Krismasi ikifika. Ndiyo maana hukuambiwa kwenye simu. Mara ngapi ulipiga ukauliza, "Mama, jiko vipi?" akakujibu, "Lipo," huku ananikonyeza, na mkate uko ndani unaumuka. Mpango wake ulikuwa ufike likizo, ukute jiko halina kitambaa, uulize, akuketishe, akukatie kipande, asiseme neno. Alifanya mazoezi kwangu. Mikate mingine ilikuwa tofali, nikala. Mingine mibichi katikati, nikala. Rafiki yangu Lemayan akiteremka kutoka Piyaya kuleta ng'ombe mnadani alikuwa anapita hapa kunywa chai. Alinikuta siku moja nimevaa aproni ya mama yako, unga mpaka masikioni.

"Rika langu," akasema, "wamekuoa lini?"

Mama yako akajibu kutoka kwenye kiti, "Nimemuoa mimi, na mahari sikumaliza. Kaa ule."

Akala kipande, akala kingine. Akasema, "Huu nikiupeleka kwangu, wake zangu watanihama waje huku." Tulicheka watu watatu kwenye jiko dogo lile. Emi, nilikuwa mwanaume mzima mwenye mashamba na wajukuu wa ndugu, na sikuwahi kuwa na furaha kama miezi ile ya kuambiwa "geuza kulia, kulia ni huku".

Krismasi haikufika. Unajua tarehe.

Umeme ulikatika siku ya mazishi. Ulipowaka tena, ile saa ya jiko ikabaki inapepesa sifuri. Oveni hiyo, kama ulivyonifundisha kana kwamba sijui, haikubali kuwaka mpaka kwanza uiambie sasa ni saa ngapi. Kazi ya kuiambia ilikuwa ya mama yako, vile vitufe vidogo vilikuwa vya vidole vyake. Watu walipotawanyika nikaenda kusimama pale mbele ya jiko. Nilijua cha kubonyeza. Nilishindwa kuiambia kwamba muda unaendelea.

Ndipo ukaingia. Ukanikuta nimesimama, ukaniwekea mkono begani, ukasema, "Maskini Baba. Hujui hata kuliwasha."

Nikasema, "Sijui."

Ndilo kosa, lilianzia hapo, na lilikuwa la neno moja. Kwa sababu uliposema, "Njoo nikuoneshe," ulisema kwa sauti ya mama yako. Si kufanana. Ni ile ile. Na mimi nikataka nioneshwe.

Baada ya hapo utundu ukaninogea. Ile siku nilipoweka ugali kwenye fisi ukatoka na ngozi kama kobe, nilifanya makusudi. Soksi zangu kwenye oveni, makusudi. Siku niliyokuuliza feni ile inapuliza kwenda wapi, na je haitamaliza hewa ya nyumba, nililifikiria swali hilo tangu shambani, nikawa nacheka peke yangu kwenye maharage. Ulicheka, Emi. Ulikuwa hujacheka tangu tuzike. Uliegemea ukuta ukacheka mpaka ukakaa chini. Nikajiambia, kesho nibuni kingine. Mzee mwenye akili angeshukuru kwa kicheko kimoja. Mimi nikakifanya kazi ya kila siku.

Halafu nikakusikia kwenye simu, nyuma ya nyumba. "Naomba mnisogezee tena tarehe. Baba yangu bado." Ukasikiliza. "Naelewa. Ndiyo, naelewa ni mara ya mwisho." Uliporudi ndani uso umeuosha, ukaniuliza kwa upole mkubwa, "Baba, turudie ile nobu ya joto?" Na mimi, shetani mzee, nikasema, "Ipi hiyo?"

Hilo sikulichekea popote.

Nimekufanyia vibaya mara mbili. Moja, nimekushika kwa ujinga wa kujifanya, wakati wewe umesomea hiyo kazi na unaipenda. Hata ukikata kitunguu unakaa kama mtu anayesali, kumshinda hata katekista wetu, ambaye huombea kila kitu mezani isipokuwa aliyepika. La pili ni kubwa zaidi. Kwa kujifanya siijui oveni nimekuficha mama yako. Umeishi wiki zote hizi ukiamini zawadi yako ilikufa chini ya kitambaa, wakati ilimpa miezi yake ya mwisho bila moshi, na kiti, na mtumwa wa kumtuma. Hukuchelewa. Mimi ndiye niliyechelewa kuvua kitambaa. Wewe ulifika kwa wakati.

Saa imelia hapa. Ti ti ti. Hailegei mpaka uibonyeze, unaijua. Mama yako alikuwa hapendi niibonyeze haraka, alisema, "Acha iite kidogo, naona kama kuna mtu ananitafuta." Ngoja iite. Namaliza hili.

Huko uendako majiko yatakuwa mapya, ya vioo, ya kugusa bila nobu, na yatakuwa na vialama usivyovijua. Usione aibu kuuliza kinafanya nini. Lakini ukishaambiwa jina lao, kipe na lako. Utashangaa mikono inavyoacha kutetemeka. Hata hiyo Shelisheli yenyewe mimi naijua kama tunda, wala sijawahi kulila, na bado nimeshaanza kuizoea kwa kulitaja jina.

Ukimpata mwanaume huko, sitaki kujua ana gari gani. Mpeleke jikoni umkalishe. Akikaa akasubiri, mrudishe kwao. Akisimama akauliza "nigeuze wapi?", niandikie.

Usinipigie kila jioni kuniuliza nimekula nini. Nitakudanganya, unanijua sasa. Nipigie uniambie wewe umepika nini, na umeharibu nini. Ukiwa na siku mbaya niambie hiyo kwanza, nzuri itafuata yenyewe.

Kesho nitawasha oveni mbele yako. Nitazungusha kwenye keki ya Krismasi, joto kwenye nukta nyekundu, taa itawaka, na wewe utasimama mlangoni na begi lako. Utanitazama, na mimi sitakutazama, kwa sababu nitakuwa na kazi. Gari likishateremka, nitaitegesha ile saa mpaka muda ambao litakuwa limeshapita Makuyuni, mahali ambapo hata ukigeuka ndege umeikosa. Simu nitaiweka ndani ya debe la unga. Umesema, "Baba, ukinipigia tu narudi." Najua unarudi. Ndiyo maana simu inaingia kwenye unga mpaka saa ilie. Ikilia nitaiacha iite kidogo.

Nimenyanyuka sasa kutoa mkate. Nimerudi.

Emi, umeungua. Chini wote, na ubavu mmoja. Niliacha saa iite muda mrefu mno, nilikuwa kule nilikoandika habari za Krismasi, nikarudi kuzisoma, nikazirudia. Nimefungua mlango moshi umenipiga usoni, na kwa mara ya kwanza jikoni humu mmenukia kama banda la mama yako.

Huu sikuufanya makusudi. Naapa kwa kaburi lake pale nje. Ungeona nilivyokaa kwenye kiti chake na trei magotini kama mtoto aliyevunja chungu, ungejua.

Najua utakachofikiri. Usifikiri. Nimekwangua sehemu nyeusi kwa kisu, ndani ni mzuri, laini, umeiva mpaka katikati. Nimeufunga kwenye kile kitambaa cheupe chenye maua, ni cha kwako sasa, na barua nimeiweka juu. Ukishuka kwenye gari la Oldeani utaikuta mezani. Soma, kata kipande, kula. Kisha rudi chumbani ufunge begi.

Mtu aliyeunguza mkate wake mwenyewe anajua kuwasha oveni.

Baba yako